Kulainisha Buti Jipya Kabla Halijakuchubua

Afande mkuu wa mafunzo, wakufunzi, na ninyi vijana mlioingia kazi ya ulinzi mwezi huu, nawashukuru kwa kunikaribisha hapa Jinja. Nitazungumza Kiswahili kwa sababu ukumbini humu yumo mtu wa Arua, yumo wa Mbale, yumo wa Kabale, na hii ndiyo lugha ya kazi yetu tangu zamani. Nimeambiwa kwamba mligawiwa mabuti jana na kwamba mtaanza zamu za saa 12 baada ya siku tisa. Siku tisa zinatosha, ila si kwa mtu atakayeyaacha mabuti yake ndani ya boksi hadi asubuhi ya zamu ya kwanza.

Mimi ni fundi viatu, lakini kabla ya kushika sindano na nyundo nilishika rungu la mlinzi. Nilipewa mabuti yaliyonipungukia namba moja, na mtunza stoo alipoona ninasita akaniambia, "Chukua tu, yatapanuka." Alfajiri ya tatu nilirudi nyumbani miguu mitupu, mabuti nimeyafunga kamba na kuyaning'iniza begani, watoto wa shule wakinicheka njia nzima. Nimeitafakari kauli ya yule bwana kwa miaka mingi, na kazi ya ufundi imenifunza kwamba alisema nusu ya ukweli: ngozi hutanuka upana, lakini kiatu hakiongezeki urefu. Mbele kuna ncha iliyokazwa, nyuma kuna ukuta mgumu unaokumbatia kisigino, na chini kuna soli inayovishikilia vyote viwili mahali pake. Kwa hiyo kiatu kinachobana ubavuni kinaweza kurekebishika, ilhali kile kinachogonga kidole kitaendelea kukigonga hadi siku kitakapotupwa.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kulikagua buti lenyewe, na ukaguzi huo ufanywe leo jioni, si asubuhi, kwa maana mguu huvimba kidogo kadiri mtu anavyosimama na kutembea mchana kutwa. Vaeni soksi zilezile mtakazovalia kazini, simameni wima uzito wote ukiwa juu ya miguu, kisha mpime nafasi iliyobaki mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi yenu si kidole gumba bali ni kile kinachokifuata. Ibaki nafasi ya sentimita moja au zaidi kidogo. Pimeni miguu yote miwili, kwa kuwa ni watu wachache walio na miguu iliyolingana kabisa, na mguu mkubwa ndio unaoamua namba. Asiyeipata nafasi hiyo alirudishe buti stoo kesho, likiwa bado safi, wala asikubali kuambiwa lile neno nililoambiwa mimi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa kwetu wanalifahamu, ingawa halisemwi sana. Mtu aliyekulia miguu mitupu kijijini huwa na vidole vilivyotawanyika na mguu mpana kwa mbele, ilhali mabuti mengi yanayotufikia hushonwa juu ya umbo la mbao au plastiki lililochongwa kufuata mguu mwembamba. Wengi wa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, katika vita vya 1914 hadi 1918 walitembea bila viatu, wakasumbuliwa na funza na miiba, lakini nadhani hakuna aliyelalamika kwamba kidole chake kidogo kimebanwa. Anayeona kwamba urefu unamtosha lakini ubavu unamkaba asikate tamaa, kwani huyo ndiye anayesaidika kwa kulainisha.

Ngozi ni nyuzinyuzi zilizosokotana, na ugumu wake ukiwa mpya unatokana na kwamba nyuzinyuzi hizo hazijazoea kuteleza moja juu ya nyingine. Zinazoeshwa kwa kukunjwa mara nyingi, tena kwa nguvu ndogo, zikipata joto na unyevu wa mguu. Namna ya kutengeneza ngozi nayo ina sehemu yake. Ile iliyotengenezwa kwa chumvi za kromi, ambayo ndiyo nyingi madukani, huwa laini mapema. Mkiitazama penye ukingo uliokatwa mara nyingi mtaona rangi ya kijivu au samawati. Ile iliyotengenezwa kwa tanini za magome ya miti, kama miwati inayopandwa huko Kabale, huonyesha kahawia ukingoni, huchelewa kulainika, na baadaye hushika umbo la mguu vizuri kuliko nyingine.

Leo usiku, basi, lishikeni buti mikononi na kulikunja polepole pale ambapo mguu wenyewe hukunjika, yaani nyuma kidogo ya vidole, mara 20 au 30. Msilikunje katikati ya soli, kwa maana hapo mabuti mengi yana kibati cha chuma au kipande kigumu kinachobeba tao la mguu, na kikivunjika buti halina dawa. Kisha livaeni nyumbani kwa nusu saa, juu ya soksi nene au jozi mbili za pamba, mkitembea sakafuni, mkichuchumaa, mkipanda na kushuka ngazi. Kesho iwe saa moja, keshokutwa mbili, na kuendelea. Katika siku hizo mtaona kisigino kinapanda na kushuka kidogo mnapotembea. Msishtuke, ni kwa sababu soli bado haijajua kukunjika, na hali hiyo hupungua yenyewe. Kazeni kamba penye kifundo ili kisigino kikae nyuma, mkizilegeza kidogo upande wa vidole.

Mafuta yanasaidia, lakini kwa kipimo. Pakeni kidogo kwa kitambaa pale penye mikunjo na juu ya ukuta wa kisigino, kisha acheni usiku mzima yanyweke. Asiyeweza kununua mafuta maalumu ya ngozi anaweza kutumia moyao, mafuta ya mshea ambayo akina mama wa Lango na Acholi huyatengeneza, nami nimeyatumia miaka mingi bila kujuta. Samli na mafuta ya kupikia yaachwe jikoni, kwa kuwa huchacha na kunuka. Dawa ya viatu nayo hung'arisha zaidi kuliko inavyolainisha, hivyo ipakwe mwishoni.

Sasa niseme juu ya ushauri mtakaopewa mabwenini. Mtaambiwa mlizamishe buti katika ndoo ya maji na kulivaa hadi likauke. Wazee wengine watataja hata mkojo. Ni kweli ngozi iliyolowa hutii mguu, lakini gundi hulegea, mafuta ya ndani ya ngozi hutoka na maji, na mguu uliolowa ndio unaochubuka upesi kuliko wote. Baya zaidi ni kulikausha buti hilo kando ya sigiri. Ngozi ya tanini ikiwa imelowa hujikunja na kusinyaa kwenye joto la digrii 80 hivi, na kando ya mkaa joto hilo hufikiwa haraka. Nimeletewa mabuti ya namna hiyo yakiwa magumu kama ubao, nikayarudisha vilevile. Buti lililoloa lijazwe magazeti makuukuu na kuwekwa kivulini penye upepo.

Kama ukuta wa kisigino umekataa kulegea, fundi anaweza kuugonga kwa nyundo taratibu ukiwa juu ya chuma chake cha kushonea, na anaweza pia kuutanua ubavu kwa kifaa cha mbao usiku kucha. Ni kazi ndogo.

Kuhusu ngozi yenu wenyewe nitasema machache. Malengelenge huanza kwa kuwaka sehemu moja, na hapo ndipo pa kusimama, kuvua na kubandika plasta, si baada ya kufika nyumbani. Lengelenge likishatokea msilichune. Likipasuka lenyewe, paoshwe kwa maji safi na sabuni, pafunikwe. Mwenye kisukari asingoje hata huko kuwaka, kwa sababu huenda asihisi maumivu kabisa. Huyo aikague miguu yake kwa macho kila anapovua.

Naona wengine mmekuja mmeyavaa. Naomba kila mmoja avue buti la kulia, aingize mkono ndani, na kupapasa mshono wa kisigino na ncha ya mbele akitafuta uzi uliosimama, msumari au tone la gundi lililokauka. Nitapita na kisu na msasa, nikianzia mstari wa mbele.