Mtoto Anataka Uhandisi: Ukifika Chuoni, Ulizia Karakana

MWALIMU: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu wa Lamu na kwingineko. Leo niko na Fundi, anayetengeneza mashine za boti zetu za Mokowe. Wazazi wametuuliza sana: mtoto anataka uhandisi, tunakwenda kutazama vyuo, tutazame nini?

FUNDI: Waalaikumu salaam, Mwalimu. Karakana. Mgeni huonyeshwa geti, maktaba na jengo la utawala, kisha hupewa soda. Karakana usipoiulizia, hupelekwi.

MWALIMU: Tutafika huko. Lakini kuna kazi ya kufanywa ukiwa bado hapa Amu, mjini Lamu, hujakata tiketi. Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, ina orodha ya kozi ilizozikubali. Nasema kozi, si vyuo. Chuo kimoja chaweza kuwa na uhandisi wa umeme uliokubaliwa na kozi nyingine ambayo bado. Sheria ya Wahandisi ya 2011 ndiyo iliyoipa bodi kazi hiyo, na bila kuandikishwa nayo mtu haruhusiwi kujiita mhandisi. Miaka 5 ya kusoma, digrii mkononi, na mlango umefungwa! Hilo linaniuma, kwa sababu kulijua mapema ni kazi ya jioni moja.

FUNDI: Na orodha hubadilika. Msitegemee aliyowaambia jirani aliyesoma zamani.

MWALIMU: Haya, sasa tupeleke karakana.

FUNDI: Nilimsindikiza mtoto wa dada yangu chuo kimoja, sitakitaja. Karakana kubwa, inang'aa. Mashine ya kukereza chuma imefunikwa turubai, na juu ya turubai kuna vumbi. Sakafuni hakuna hata unyoya wa chuma. Hapo nikajua. Mashine inayotumika ina mafuta, ina mikwaruzo, na chini yake kuna mabaki ya chuma. Nikamvuta kando kijana wa mwaka wa tatu nikamuuliza: mara ya mwisho umewasha mashine gani kwa mkono wako? Akanyamaza, kisha akasema, "Hutuonyesha."

MWALIMU: Kwa nini mwaka wa tatu?

FUNDI: Wa kwanza bado yuko kwenye hesabu na fizikia, hajui lolote la karakana. Wa mwisho anafikiria mradi wake na kazi. Wa tatu yuko katikati ya shughuli, atakwambia kweli. Muulize pia wako wangapi kwenye mashine moja siku ya vitendo. Wakiwa kundi kubwa, mmoja hushika na wengine huandika.

MWALIMU: Mimi huuliza kuhusu atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Je, chuo kina watu wa kumtafutia mwanafunzi nafasi, au anaambiwa ajitafutie? Mtoto wa Lamu hana mjomba kwenye kiwanda cha Nairobi. Na mhadhiri huja kumkagua kweli, au hupiga simu tu?

FUNDI: Hapo umenigusa. Hapa kuna bandari, gati la kwanza lilifunguliwa 2021. Kila mzazi anataka mwanawe awe mhandisi pale. Kisha anasikia kwamba Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, wanafundisha uhandisi wa vyombo vya majini, naye anashangaa: Juja, bara kabisa?

MWALIMU: Asishangae, aulize. Wanafunzi hao hupelekwa wapi kushika injini ya meli? Jibu likiwa na mahali na miezi, sawa. Likiwa ni "mipango ipo", endelea kuuliza. Na ulize vivyo hivyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, ingawa bahari iko karibu. Ukaribu wa maji haumfundishi mtu injini.

FUNDI: Lakini Mwalimu, kuna mambo ya mzazi pia. Hosteli, chakula, msikiti, usalama wa binti usiku akitoka maabara. Mimi hayo siyaachi.

MWALIMU: Usiyaache. Ila nenda siku ya masomo, si wakati wa likizo, kisha umwache mtoto azunguke peke yake saa moja. Keti chini ya mti, usimfuate. Mzazi akiwepo, wanafunzi humjibu mzazi. Na mtoto akirudi, usianze na "umepapenda?" Muulize amemwona nani akifanya nini. Akikueleza habari ya watu waliokuwa wakiunganisha nyaya na akasahau kutaja baridi ya bara, hilo ni jambo la kuzingatia.

FUNDI: Baridi ya Eldoret mtoto wa Amu ataisahau?

MWALIMU: Akivutiwa na kazi, ataisahau kwa saa moja. Hiyo saa ndiyo ninayoitafuta.

FUNDI: Na asiye na nauli? Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, treni hadi Nairobi, na hapo bado Nyeri ama Eldoret. Si kila nyumba inaweza.

MWALIMU: Basi asiende kote. Kabla ya kujaza maombi ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, tafuteni kijana wa Lamu aliyeko chuo hicho tayari, hata kama ni wa kozi nyingine. Mumpigie simu ya video siku ya vitendo, mumwombe aombe ruhusa aingie nayo karakana.

FUNDI: Na awaonyeshe sakafu kwanza.