Tabia za Shuleni Zinazotuangusha Kwenye GMAT

Asante mwenyekiti. Ndugu zangu, wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, basi sitazunguka.

GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara (MBA), umebadilika, basi tuanze na vitabu. Toleo la GMAT linalofanywa sasa lilianza Novemba 2023, na la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Insha imeondolewa. Maswali ya kusahihisha sentensi yameondolewa. Jometri nayo imeondolewa kwenye sehemu ya hesabu. Kwa hiyo kile kitabu kinene cha mtumba ulichonunua kwa bei ya chee kina sura nzima nzima ambazo hutakutana nazo. Usikitupe: kanuni za namba, aljebra, ufahamu na kuchambua hoja ni zilezile. Ruka pembetatu na duara, ruka sarufi, endelea.

Sasa hivi kuna sehemu tatu, kila moja dakika 45. Quantitative Reasoning, yaani hesabu, ina maswali 21; Verbal Reasoning, ya ufahamu na kuchambua hoja, 23; Data Insights, ya kuchambua takwimu na taarifa, 20. Jumla maswali 64 kwa saa mbili na robo, na mapumziko ya dakika 10 kwa anayetaka. Unachagua mwenyewe uanze na sehemu ipi. Kila sehemu inapewa alama kati ya 60 na 90, na zote tatu zina uzito sawa kwenye alama ya jumla, ambayo ni kati ya 205 na 805. Alama za jumla zote huishia na 5. Hapo watu wengi huchanganyikiwa, maana wanasoma ushauri wa zamani unaosema lazima upate 700. Ule ulikuwa mzani mwingine. 645 ya leo inalingana kwa karibu na 700 ya zamani, kwa hiyo ukiona 645 usijione umeanguka.

Hayo yanapatikana popote. Ninalotaka kuwaambia leo ni kwamba tabia zilizotuvusha kidato cha nne na cha sita ndizo zinazotuangusha hapa, na anayeanguka mara nyingi ni yule aliyekuwa wa kwanza darasani.

Shuleni tulifundishwa kuonyesha njia. Ukikosa jibu, mwalimu anakupa alama mbili tatu za njia. Tulifundishwa pia kuliacha swali gumu na kulirudia baadaye, na swali ulilolianza usilitelekeze, kwa sababu jasho lako lina malipo. Kwenye GMAT njia haina alama hata moja. Na huwezi kuruka swali: usipolijibu, linalofuata halifunguki. Juu ya hayo, kompyuta inakupima unavyokwenda. Ukipata, inakuletea gumu zaidi, ukikosa, inashusha. Maana yake ni kwamba hata mtu wa alama za juu kabisa anakutana na maswali yanayomshinda, kwa sababu mtihani umeundwa umfikishe hapo. Kukosa maswali kadhaa magumu ni jambo la kawaida. Kinachoumiza ni kukosa yale mepesi, na mepesi hukoswa na mtu aliyekwishapoteza muda wake kwingine.

Tupige hesabu. Sehemu ya hesabu inakupa kama dakika mbili na sekunde nane kwa swali. Ukikaa dakika sita kwenye swali moja, umekula muda wa maswali mawili mengine, na hayo mawili yatajibiwa mwishoni kwa kubahatisha, ilhali pengine ulikuwa unayaweza. Ukiyaacha bila kujibu ni vibaya zaidi, kwa sababu swali lisilofikiwa linakatwa zaidi kuliko swali lililokoswa. Kwa hiyo jizoeze kuangalia saa mara mbili tu katika sehemu hiyo: ukimaliza swali la 7 uwe na dakika 30, ukimaliza la 14 uwe na 15. Katikati usiitazame, itakutia kiwewe. Na weka sheria moja: ukihisi zimefika kama dakika mbili na nusu bila kuiona njia, chagua jibu, weka alama ya kurudi, songa mbele.

Alama hiyo ya kurudi ni ngeni kwenye toleo hili. Unaweza kuiweka kwenye maswali mengi upendavyo. Ukishajibu yote na muda ukiwa umebaki, unafungua orodha na kubadilisha majibu, yasizidi matatu kwa kila sehemu. Ni msaada mdogo, usiujengee nyumba. Wapo wanaokimbia maswali yote ili wabakize dakika kumi za kurekebisha, halafu wanakuta waliyoyakosea ni manane na ruhusa ni matatu.

Kuna na ile imani kwamba maswali ya mwanzo ndiyo yanayoamua kila kitu. Anayeiamini hutumia dakika 20 kwenye maswali matano ya kwanza, na mwisho wa sehemu anabonyeza kama anayecheza bahati nasibu. Yape muda uleule unaoyapa mengine.

Tabia ya pili ni pasti pepa. Kwetu ukipitia mitihani ya miaka kumi iliyopita unaanza kuona maswali yakijirudia, na kuna walimu waliojipatia majina kwa kutabiri. Huku maswali yanatoka kwenye hazina kubwa na kila mtu anapata yake. Kinachojirudia ni mtego, na mtego hauonekani kwa kufanya maswali elfu mbili mbio mbio.

Tuone mtego mmoja kwa karibu, wa maswali yanayouliza kama taarifa zinatosha. Yako kwenye Data Insights. Hayakuulizi jibu ni ngapi. Yanakuuliza kama jibu linaweza kupatikana. Andikeni hili:

Chungwa moja ni shilingi 300 na embe moja ni shilingi 700. Asha amenunua machungwa na maembe tu. Amenunua maembe mangapi? Taarifa ya kwanza: amenunua matunda 7 kwa jumla. Taarifa ya pili: amelipa shilingi 2,900.

Machaguo hayabadiliki: A, ya kwanza peke yake inatosha, B, ya pili peke yake inatosha, C, zinatosha zikiunganishwa tu, D, kila moja peke yake inatosha, E, hata zikiunganishwa hazitoshi. Yakariri yote matano usiyasome tena siku ya mtihani.

Naona wengi mmeandika C. Ndivyo tulivyofundishwa: vitu viwili visivyojulikana vinahitaji milinganyo miwili. Sasa chukueni taarifa ya pili peke yake na mhesabu. Akinunua embe moja, zinabaki 2,200, hazigawanyiki kwa 300. Maembe mawili, zinabaki 1,500, hayo ni machungwa matano kamili. Matatu, zinabaki 800, haiwezekani. Manne, zinabaki 100, haiwezekani. Matano ni 3,500, pesa haitoshi. Jibu ni moja tu, maembe mawili, kwa sababu hakuna anayenunua nusu chungwa. Taarifa ya pili inatosha peke yake, jibu ni B. Kila unapoona vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, watu, tiketi, matunda, usikimbilie C kabla hujajaribu namba.

Kinyume chake pia kipo. Ukiambiwa x mraba ni 9, ukajibu x ni 3, umesahau hasi 3. Namba hasi, sifuri na sehemu, hizo tatu ndizo zinazofichwa mara nyingi zaidi. Sifuri ni namba shufwa. Moja si namba tasa. Mambo ya darasa la sita haya, pamoja na KKS na KDS (kigawo kikubwa na kigawe kidogo cha shirika), na yanawashinda wahandisi kwa sababu hawajayagusa miaka kumi na tano.

Kwenye hesabu hakuna kikokotoo kabisa. Kipo kwenye skrini katika Data Insights tu, tena ni cha kubonyeza kwa kipanya, kizito. Kwa hiyo rudisheni hesabu ya kichwa: miraba hadi 20, sehemu kwenda asilimia, kwamba moja ya sita ni karibu 16.7, moja ya saba 14.3, moja ya nane 12.5. Dakika kumi kila asubuhi kwenye daladala zinatosha. Data Insights ina jambo lingine la kuangalia: swali moja linaweza kuwa na vipengele viwili au vitatu, na ukikosa kimoja umekosa lote. Jedwali kubwa lisikutishe. Soma swali kwanza, ndipo ulipange kwa safu unayoihitaji.

Upande wa Verbal, ufahamu wetu kwa kawaida si mbaya. Tunakojikwaa ni kwenye kuchambua hoja, maana tunajibu kwa tunachokijua mtaani badala ya kilichoandikwa. Chukua hoja hii: mwaka jana ajali za bodaboda katika mji fulani zilikuwa 200, mwaka huu ni 240, kwa hiyo kupanda bodaboda kumekuwa hatari zaidi. Kipi kinaidhoofisha? Chaguo moja litasema polisi hawafanyi kazi yao. Lingine, kwamba madereva wengi hawavai helmeti. Yote mawili unaweza kuyaamini, na hayagusi hoja. Jibu ni lile linalosema bodaboda na safari zake zimeongezeka maradufu, kwa sababu hoja imeruka kutoka idadi ya ajali hadi kiwango cha hatari. Kabla hujasoma machaguo, tafuta mruko huo: ushahidi unazungumzia nini, hitimisho linazungumzia nini. Ukiuona, machaguo matatu hujifuta yenyewe.

Maandalizi sasa. Kwa mtu wa kazini, miezi mitatu ya saa 10 hadi 12 kwa wiki inatosha kwa wengi, mradi saa hizo zisiwe za saa tano usiku macho yakifumba. Siku ya kwanza fanya mtihani wa majaribio kwenye tovuti ya waandaaji, mba.com. Wanatoa miwili bure, na inajirekebisha kama mtihani wenyewe. Fanya mmoja, wa pili uufunge hadi wiki mbili za mwisho. Ukiurudia uleule, maswali huanza kukufahamu na alama inapanda kwa uongo.

Kisha fungua daftari la makosa. Hili wengi wanalisikia na hawalifanyi, au wanalifanya kwa kubandika maelezo ya jibu sahihi, jambo lisilosaidia. Kwa kila swali andika mambo mawili tu: umekosa kwa nini, na ni ishara gani kwenye swali ungepaswa kuiona. Sababu ni chache: hukuijua kanuni, ulisoma vibaya, ulijua lakini ulichelewa, au ulibahatisha ukapata. Hii ya mwisho iandike kama kosa. Baada ya wiki moja lirudie swali bila kuangalia maelezo. Likikushinda tena, kanuni haijaingia. Ukiona kurasa tatu mfululizo zimeandikwa “nilisoma vibaya”, acha kununua vitabu vya hesabu; tatizo lako ni kasi ya kusoma swali.

Maswali 20 yaliyochambuliwa hivi kwa jioni yanazidi 80 ya kukimbia. Mwezi wa kwanza fanya bila saa. Wa pili weka saa kwa makundi ya maswali saba. Wa tatu fanya sehemu nzima za dakika 45, kwa mpangilio uleule utakaoutumia siku ya mtihani, na wakati uleule wa siku.

Kuhusu usajili, angalia jina. Pasipoti ina jina la ukoo na majina ya kwanza, na sisi wenye majina matatu tunayapanga tunavyojisikia. Yanayoonekana kwenye pasipoti ndiyo uyaandike, herufi kwa herufi. Yasipolingana utarudishwa mlangoni na ada haitarudi.

Unaweza kufanyia kituoni au nyumbani. Nyumbani unahitaji kompyuta, si tableti, skrini moja, kamera, chumba chenye mlango uliofungwa na meza tupu. Msimamizi anakuona muda wote. Ukisoma swali kwa kunong'ona au ukitoka mbele ya kamera, anaweza kukusimamisha. Halafu kuna umeme. Angalia LUKU usiku wa kuamkia mtihani, laptopu iwe imejaa chaji, na ruta ya nyumbani haina betri, kwa hiyo itafutie yake. Kama mtaa wako hukatika mara kwa mara, nenda kituoni. Huko watakupa kijitabu cha plastiki cha kuandikia na kufuta pamoja na kalamu yake, basi mazoezi ya mwezi wa mwisho yafanye kwenye kitu cha namna hiyo badala ya daftari lako la mistari.

Ukimaliza, alama isiyo rasmi inatokea kwenye skrini palepale. Ile rasmi inafuata ndani ya siku chache za kazi. Ikifika una saa 48 za kuchagua vyuo hadi vitano vya kutumiwa bure, na vyuo vinaona alama unazozituma tu. Usipopendezwa, unaweza kurudia baada ya siku 16, mara tano ndani ya miezi 12. Duru ya kwanza ya maombi kwa vyuo vingi vikubwa hufungwa Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari. Anayelenga Septemba afanye mtihani wa kwanza Juni, ili ule wa marudio usiangukie wiki ileile anayoandika insha za maombi.