Mtweso Ni Nini? Mhadhara Kuhusu Kusoma Kiingereza kwa Kuelewa, Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za mchana. Na ninyi vijana wa kidato cha tatu na cha nne mliojazana kule nyuma, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie msamiati wa Kiingereza, ila nitaanza na Kiswahili. Nasoma mara moja tu, sikilizeni.

"Mama Zaituni alifika Kibirizi mapema, akakuta kipe kimezumbwa. Akamtuma kijana akalete shiguro, lakini kijana alirudi na mtweso mtupu, akiwa amefulonda."

Nani kaelewa? (Kicheko.) Haya, mtihani. Kijana alitumwa akalete nini? (Ukumbi: "Shiguro!") Sahihi. Akarudi na nini? ("Mtweso mtupu!") Sahihi kabisa. Alirudi akiwa katika hali gani? ("Amefulonda!") Mmepata tatu kwa tatu. Sasa nakuomba wewe mzee wangu wa mstari wa mbele, uliyejibu kwa sauti kuliko wote: mtweso ni nini?

(Kicheko kirefu.)

Hajui, na mimi sijui, maana maneno manne, kimezumbwa, shiguro, mtweso na amefulonda, nimeyabuni. Lakini tazameni tulichofanya. Tumejibu maswali matatu ya ufahamu, tumepata alama zote, na hatujafahamu kitu. Ndivyo wanavyoishi watoto wetu wengi tangu wanapoingia kidato cha kwanza. Shule ya msingi walifundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa mengine. Ghafla jiografia, baiolojia, fizikia, vyote ni Kiingereza. Mtoto anajifunza haraka kwamba swali likiwa na neno fulani, unatafuta neno hilo kwenye habari, unanakili sentensi iliyo jirani, mwalimu anaweka vema. Mwalimu naye ana madaftari mia ya kusahihisha, hana muda wa kuuliza mtweso ni nini.

Habari ile niliyowasomea ina maneno ishirini. Niliyobuni ni manne, yaani moja kwa kila matano. Asilimia themanini ya maneno mnayajua tangu utoto, sarufi ni yenu, mwalo wa Kibirizi mnaujua, kipe, chombo cha kuvulia dagaa, mnakijua, na bado mmepotea. Mbinu hii ya kupandikiza maneno ya uongo si yangu. Watafiti Hu na Nation waliitumia katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000: walichukua hadithi ya Kiingereza wakabadilisha baadhi ya maneno, wakawapa wanafunzi wanaojifunza lugha hiyo. Waliosoma hadithi iliyokuwa na asilimia themanini ya maneno ya kawaida, hakuna hata mmoja aliyeielewa vya kutosha. Ili msomaji wa kawaida aelewe bila msaada, walikadiria anahitaji kujua kama asilimia 98.

Geuzeni hiyo iwe hesabu ya ukurasa. Ukurasa wa maneno 250, kwa asilimia 98, una maneno mageni matano. Kwa asilimia themanini una hamsini. Sasa chukueni kitabu chochote cha fasihi ambacho kidato cha tatu hupewa, mfungulie mwanafunzi wa uwezo wa kati ukurasa wa katikati, mpe penseli apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Ninyi walimu mnajua atakavyorudisha ukurasa huo. Nation huyo huyo alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya ya Kiingereza bila msaada kunataka familia za maneno, yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo, elfu nane hadi tisa. Kijana wetu hana hizo, na si kosa lake. Anachofanya ni kutafuta madesa, yale maandishi ya muhtasari, anakariri wahusika na dhamira, anaingia kwenye mtihani bila kukisoma kitabu chenyewe.

Kisha sisi walimu tunamwambia, "Kisia maana kutokana na muktadha." Ushauri ni mzuri, ila muktadha wenyewe ni maneno. Kama hayo maneno ya jirani nayo hayajui, atakisia kwa kushika wapi?

Sasa sikilizeni ya pili.

"Usiku hauna mwezi. Wavuvi wamewasha taa zao pembeni mwa kipe, dagaa wakapanda juu kufuata mwanga, na wavu uliokuwa umezamishwa chini ukavutwa taratibu. Alfajiri walirudi Katonga wakaanika dagaa juu ya mchanga, lakini mvua ikanyesha kabla hawajakauka, na ilipofika jioni dagaa wote walikuwa wamefutuza, wananuka hata mbwa wa jirani hawawataki."

Kufutuza ni nini? (Ukumbi: "Kuoza!" Sauti moja: "Kuvunda!") Naam. Na neno hilo nalo nimelibuni, lakini mmelielewa kabla sijamaliza sentensi. Hapa neno geni lilikuwa moja katika karibu hamsini.

Kuna jambo jingine lililowasaidia, nalo walimu wengi hulipita. Ninyi ni watu wa ziwa. Mnajua dagaa huvuliwa gizani, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, na dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka hasara imeingia. Mngenijibu hata kama ningekatiza katikati. Mwaka 1988, Recht na Leslie wa Marekani waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Wale waliohesabiwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo, walielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo mtoto wa Katonga anayehesabiwa mzito wa Kiingereza, mpe habari ya Kiingereza inayohusu uvuvi muone. Mwandikieni: *The fishermen hang bright lamps over the side of the boat to lure the fish up from the deep water.* Yaani wavuvi huning'iniza taa kali pembeni mwa chombo ili kuwavuta samaki wapande kutoka kwenye kina. Neno *lure* hajapata kuliona, lakini kazi ya taa ile anaijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Mpeni habari ya Hifadhi ya Gombe, jinsi mtafiti Jane Goodall alivyomwona sokwe mwaka 1960 akichomeka ujani kwenye kichuguu na kuuchomoa umejaa mchwa. Kichuguu anakijua. Huyu mtoto si mtupu, tunamsomesha tu habari za theluji na treni za chini ya ardhi halafu tunashangaa.

Niseme na upande wa pili, nisije nikawadanganya. Muktadha hudanganya pia, na hudanganya zaidi kwenye maneno ambayo mtoto anadhani anayajua. Chukueni sentensi hii: *The current is strong near the bank of the Malagarasi.* Kijana wa kidato cha pili anayajua maneno yote hayo. *Current* alifundishwa kwenye fizikia, ni mkondo wa umeme. *Bank* ni benki, nani asiyeijua. Na kwa kuwa Malagarasi kuna mradi wa umeme, maana inajitengeneza yenyewe kichwani: karibu na benki ya Malagarasi umeme una nguvu! (Kicheko.) Mnacheka, maana mnajua hapo *current* ni mkondo wa maji na *bank* ni ukingo wa mto, lakini fikra yake imenyooka. Hakukwama popote, kwa hiyo hatafungua kamusi. Anayemwokoa hapo ni sentensi inayofuata, ikisema kwamba mtumbwi ulichukuliwa na maji. Msomaji aliyezoea kusoma mfululizo atashtuka, atarudi nyuma. Yule anayesoma sentensi moja moja kwa ajili ya kujibu swali hatashtuka kamwe. Ndiyo maana nasisitiza mwanafunzi asisimame kwenye kila neno geni. Aweke nukta ya penseli, amalize aya, ndipo arudi. Ajiulize neno hilo linafanya kazi gani pale: ni kitendo, ni kitu, ni sifa? Kiswahili kimemzoeza jambo hilo. Aliposikia "kimezumbwa" alijua mara moja kwamba kipe kimefanywa kitu fulani. Neno likirudi mara ya pili, ya tatu, na bado limefunga, hapo afungue kamusi. Na akifungua, asichukue maana ya kwanza iliyoandikwa akakimbia nayo, asome zote, achague inayoingia kwenye habari yake.

Nakuja kwenye yale madaftari ya msamiati. Maneno ishirini upande wa kushoto, Kiswahili chake upande wa kulia, Ijumaa jaribio. Sipendi kuyatukana, kwa sababu kwa anayeanza kabisa yana msaada. Mwingereza Michael West mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno ya Kiingereza yanayotumika zaidi, kama elfu mbili, na maneno hayo hubeba takribani asilimia themanini ya maandishi ya kawaida. Mwanafunzi ambaye hata hayo hana, akariri, sina ugomvi naye. Tatizo ni kukariri maneno adimu yanayopendeza masikioni, ambayo hatayaona tena mwaka mzima. Ung'eng'e wa kutambia, basi.

Neno ni kama mtu unayekutana naye sokoni Mwanga: siku ya kwanza ni sura tu, baadaye unamjua anauza nini, mwishowe unajua anakaa na nani na hasira zake zikoje. Watafiti Nagy, Herman na Anderson walipima jambo hili mwaka 1985 kwa wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakisoma lugha yao wenyewe. Waliona uwezekano wa kulipata neno kwa kukutana nalo mara moja ndani ya habari ni mdogo, takribani mara moja katika kumi, na utafiti wao uliofuata ukaushusha zaidi. Hao ni wenye lugha. Basi mtoto wetu anahitaji kukutana na neno mara nyingi, mahali tofauti tofauti, na hilo halipatikani kwa habari moja ya ufahamu kila wiki. Linapatikana kwa kusoma kurasa nyingi. Na kurasa nyingi zinasomeka kama ni rahisi.

Hapa ndipo ninapogombana na watu, wazazi hasa. Mzazi anamwona kijana wa kidato cha tatu ameshika kitabu chembamba chenye picha, anasema shule imeshuka. Mimi nasema shusheni kitabu. Shusheni mpaka kwenye ukurasa ambao maneno mageni hayazidi vidole vya mkono mmoja. West aliliona hili mapema, alipokuwa akifundisha Dhaka, Bengal, miaka ya 1920. Wanafunzi wake walipewa vitabu vilivyojaa maneno ya zamani na adimu, wakawa wanakwama. Akaandika vitabu vipya vya kusomea: maneno adimu akayatoa, akaweka ya kawaida, na neno jipya akaliachia nafasi, moja kwa kila maneno hamsini hivi. Linganisheni na ile asilimia 98. Yeye alifika huko kwa kutazama wanafunzi wake.

Visiwani Fiji, Elley na Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza katika shule za vijijini, kama 250 kwa darasa, darasa la nne na la tano, matokeo wakayachapisha mwaka 1983. Shule zile hazikuwa na vitabu vya maana kabla ya hapo. Baada ya mwaka mmoja, watoto waliosoma hadithi walikuwa wamepiga hatua katika kusoma kama maradufu ya kawaida. Hadithi tu, walizozipenda.

Mtaniambia sisi hatuna vitabu 250. Kweli. Lakini shule ngapi zina maboksi yaliyofungiwa stoo ili vitabu visichafuke? (Minong'ono upande wa walimu.) Naona mnatazamana. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake, na kile kinacholiwa na mchwa stoo ndicho hasara. Maktaba ya mkoa nayo ipo, haijai.

Nimepewa nafasi ya maswali mawili.

(Mwalimu mmoja wa kike akauliza afanye nini akiwa na wanafunzi zaidi ya tisini na nakala chache za hadithi.)

Wasomee, dada yangu. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi, simama usome kwa sauti, polepole, kwa hisia, sura fupi moja. Wanafunzi wasiandike chochote. Neno gumu likija, usilitafsiri papo hapo. Lirudie kwa maneno mengine ya Kiingereza, au onyesha kwa mikono, halafu endelea. Katisha mahali patamu. Kule Fiji baadhi ya madarasa yalifanya karibu hivyo, mwalimu akisoma na watoto wakizungumzia hadithi, na yalifanya vizuri. Zile nakala chache zizunguke kwa zamu, wawili wawili, waende nazo nyumbani. Nawe usiulize maswali ya "alirudi na nini." Waambie wakusimulie kwa Kiswahili kilichotokea. Kama hawakuelewa utajua hapo hapo, maana mtweso hausimuliki.

(Kijana wa kidato cha nne akauliza: akisoma kitabu cha darasa la tano wenzake watamcheka, naye mtihani uko karibu.)

Kifunike kwa gazeti, kama tunavyofunika madaftari, nani atajua? Kuhusu mtihani, habari ya ufahamu watakayokupa hujawahi kuiona, haiko kwenye desa lolote. Utaingia nayo ukiwa na macho yako tu na mwendo wako wa kusoma. Kwa hiyo leo jioni chukua kitabu ambacho hakikutishi. Soma kurasa tano bila kamusi. Kama umeelewa kisa, kesho soma kumi. Kama hukuelewa, usikilazimishe, rudisha utafute chepesi zaidi, hata cha darasa la nne. Ukikuta ukurasa hauna neno geni hata moja, usiuruke. Usome haraka, kwa sababu kasi nayo utaihitaji: siku ile saa ya ukutani haitakusubiri uspeli kila neno. Na ukimaliza hicho, mpe huyo uliyekaa naye hapo, naona amecheka kuliko wote.