Lenyewe Liko Wapi?

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, wanivumilie. Nimeombwa kuzungumzia kutembelea miji ya Japani kwa historia na utamaduni wake. Viza, nauli na treni za kasi mmeshasoma, sizigusi.

Nina ugomvi na swali moja tu. Tulikuwa Kyoto, kando ya bwawa la Kinkaku-ji, lile jengo la dhahabu la kwenye kalenda. Asubuhi, maji yametulia, dhahabu juu, dhahabu chini. Mwenzetu mmoja, mtu mzima na heshima zake, akamuuliza binti aliyekuwa akitutembeza: "Hili ndilo lenyewe?" Binti akajibu kwa adabu kwamba lilichomwa moto mwaka 1950 na mtawa kijana wa hapohapo, likajengwa upya 1955. Yule bwana akashusha simu. Akaishusha, na picha hajapiga! "Kumbe tumeletwa kuangalia kopi." Tangu hapo safari ikawa ukaguzi: nguzo hii ya lini, paa hili la lini, utadhani afisa wa forodha.

Nikampeleka Ise, kwenye hekalu kuu la Kishinto, dini ya jadi ya Japani, kumkomoa, nakiri. Ni kama saa mbili kwa treni kutoka Kyoto. Nyumba ya Amaterasu, mungu wa jua, hujengwa upya kila baada ya miaka 20, desturi iliyoanza mwaka 690. Viwanja ni viwili, bega kwa bega. Kimoja kina nyumba, cha pili kimetandazwa kokoto, kinangoja zamu. Mpya ikikamilika, ya zamani hubomolewa, na mbao zake hupelekwa kutumika kwenye mahekalu mengine. Mbao ni za hinoki, aina ya mvinje wa Kijapani, hazipakwi rangi, na paa ni la nyasi. Watu wa makuti mtanielewa upesi kuliko watu wa bati.

"Hii ya mwaka gani?" akauliza. Nikamwambia: 2013. Na 690. Akadhani namtania.

Hebu pigeni hesabu. Fundi akiingia kazini na miaka 20, anabeba mbao na kunoa patasi. Akifika 40 anachonga mwenyewe. Akifika 60 anasimama mikono nyuma, anakaripia. Sogezeni zamu iwe kila miaka 70 muone nani atabaki wa kukaripia. Mtaniambia vita vya karne ya 15 na 16 viliikatiza kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 120, kwa hiyo mnyororo ulikatika. Ulikatika, ndiyo. Wakauunga.

Naona mkono pale nyuma, najua ni Horyu-ji, hekalu la kale la Kibuddha. Kweli, karibu na Nara kuna majengo ya mbao ya zaidi ya miaka 1,300, nendeni mkayaone. Lakini hata hayo yamefunguliwa vipande vipande na kukarabatiwa, na huwezi kufungua usichojua kilivyofungwa.

Kinachonikera mimi ni ngome ya Osaka. Mnara wa zege, wa mwaka 1931, na lifti ndani. Hapo seremala alijifunza nini? Yule bwana aliipenda mno, picha arobaini! Himeji haiko mbali, mnara wake wa mbao ni wa 1609, unavua viatu na kuparamia ngazi kwa soksi. Alilalamika magoti.

Kanazawa naiacha. Hiroshima, haraka. Lile jumba lenye mifupa ya kuba, lililobaki limesimama baada ya bomu la atomiki, ni la mwaka 1915, lilichorwa na msanifu wa Kicheki. Hilo halijengwi upya. Baraza la jiji liliamua mwaka 1966 libaki gofu, linaimarishwa tu lisianguke. Ni nchi ileile yenye Ise! Na tramu namba 651 na 652 zilikuwapo mjini siku ya bomu, 6 Agosti 1945, bado zinabeba watu kwenda kazini. Mkibahatika pandeni.

Nagasaki na Dejima yake, kisiwa cha wafanyabiashara wa Kiholanzi wa zamani... mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, tutamalizia kwenye chai.