Nyumba ya Pwani Huanza na Upepo

Asalaam aleykum. Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za mchana. Nimeombwa niseme juu ya nyumba ya pwani: namna ya kuijenga na kuipanga ikawa nadhifu, mtu akiingia roho ikatua. Nimepewa dakika ishirini, kwa hiyo salamu zangu zitakuwa fupi.

Hivi karibuni kijana mmoja alinipeleka Kigamboni nikaione nyumba yake. Anataka, kwa maneno yake, mtindo wa pwani. Ukutani ametundika nanga ya plastiki na usukani wa meli. Mezani pana chupa ya kioo iliyojaa makombe. Mito ya makochi ina michirizi ya buluu. Madirisha yote yamefungwa, kiyoyozi kinaunguruma. Nikamwuliza, baba, bahari iko upande gani? Akaenda mlangoni kuangalia.

Msimcheke sana. Wengi wetu tumeshafika hapo. Lakini waliojenga Lamu, Mombasa na Unguja hawakutundika nanga ukutani. Baharini walikwenda kazini, na ukishatoka kazini huji na jembe sebuleni.

Chukueni nyumba ya mawe ya Lamu, zile za karne ya 18. Mbele ya mlango pana daka, kibanda cha kivuli chenye baraza mbili za mawe, kulia na kushoto. Mgeni wa maneno mawili anaishia hapo. Anapewa kahawa, anasema lake, anakwenda zake, na watu wa ndani hawajui hata kama alikuja. Ukivuka mlango, njia inakata kona, kwa hiyo hata ukiachwa wazi mpita njia haoni kitu. Halafu unatokea kiwandani. Nasema kiwanda, si cha saruji! Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka hapo unapanda kidato unaingia msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, unapanda kingine msana wa yuu, ukumbi wa juu, kisha ndani, chumba cha wenyewe. Kila ukienda mbele sakafu inainuka kidogo na mwanga unapungua. Jua kali linabaki kiwandani. Likifika kwa mwenye nyumba limeshapoozwa mara tatu, kama chai inayomiminwa kikombe hadi kikombe.

Na huko ndani ndiko kwenye zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa. Mwanga ule hafifu ukivigusa, kila kishubaka kinapata kivuli chake, na chumba chembamba kinaonekana kina kina. Pambo lote liko ukutani, sakafu imebaki huru. Hapo kuna somo kwa sisi wenye makabati ya vioo yaliyojaa vikombe visivyonywewa.

Kwa nini vyumba vile ni vyembamba? Kwa sababu ya boriti. Dari ilikaa juu ya miti ya mikoko, na mkoko haukupi boriti ndefu utakavyo. Upana wa chumba ukawa mita mbili na nusu, tatu hivi. Urefu ndio uliachiwa uende. Mti uliamua nyumba. Siku hizi tuna nondo na zege, tunaweza kumwaga sebule ya mita saba kwa saba, na tunafanya hivyo, halafu katikati yake taa inawaka saa sita mchana. Mimi nikichora bado napenda chumba chembamba chenye madirisha pande mbili. Upepo ukiingia huku hauna safari ndefu kutoka kule.

Upepo sasa. Pwani yetu ina misimu miwili mikubwa, na kila mvuvi aliyekaa humu angeweza kunifundisha. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi inashika baada ya hapo, Aprili na kuendelea mpaka karibu na Septemba. Nyumba yenye tundu upande mmoja tu inapumua nusu mwaka. Na mnapokwenda kununua madirisha, kumbukeni hili: dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni halifunguki zaidi ya nusu. Umelipia dirisha zima, umepata nusu ya hewa. Luva za mbao zinafunguka, zinakata jua, zinazuia macho ya jirani. Pasipo pesa ya luva, matofali ya matundu juu ya ukuta wa korido yanafanya kazi kubwa kwa bei ndogo.

Nina kipimo changu ambacho wahandisi wananitania nacho. Kabla sijachora, naenda kiwanjani na chetezo. Natia makaa, natia udi, naketi pale itakapokuwa sebule. Saa mbili asubuhi naangalia moshi unaelekea wapi. Alasiri narudi tena. Mama mmoja Tanga alidhani nimekuja kufukiza majini ya kiwanja. Nikamwambia, yakiondoka nayo ni faida! Lakini siku ile moshi ulitwambia kwamba jiko tulilolichora upande wa kusini lingepeleka harufu ya samaki vyumbani miezi yote ya kusi. Tukalihamisha kabla ya kuchimba msingi. Kuhamisha jiko kwenye karatasi ni kazi ya kifutio.

Mkinisikiliza mnaweza kudhani sijawahi kukosea. Nilipojenga kwangu, fundi aliniletea mchanga wa ufukweni. Mweupe, laini, bei ya chini. Nikaufumbia macho. Haikupita miaka mingi dari ikaanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Usiku mmoja kikaanguka kipande cha zege, kipana kama sinia, juu ya meza tuliyokuwa tumelia futari. Chumvi ilikuwa imeila nondo, nondo ikaota kutu, kutu ikavimba, zege likakosa pa kwenda. Mchanga wa ufukweni mwachieni kaa.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo adui wa anayekarabati nyumba ya kale. Ukuta wa mawe ya matumbawe unanyonya unyevu na kuutoa. Lipu ya chokaa inauacha upite. Ukiupiga saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma, na lipu inabanduka mabamba kwa mabamba. Tembeeni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Lamu, mtazitambua kuta zilizopigwa saruji bila kuuliza mtu. Chokaa inataka subira: mawe yachomwe, yazimwe kwa maji, yaachwe yaive miezi. Fundi mwenye haraka haipendi.

Fanicha nitapita mbio. Chache, za chini, za mbao ngumu. Bawaba na komeo ziwe za shaba, maana chuma kwa hewa hii ni kutu inayosubiri. Mkeka wa ukindu badala ya zulia zito, zulia pwani linakaa na unyevu kama sponji. Kuta nyeupe, rangi ziletwe na vitambaa, kikoi hiki mwezi huu, khanga ile mwezi ujao. Baraza la nje msiliache, hata kama kiwanja ni kidogo. Mimi ningepunguza chumba cha kulala kabla sijapunguza baraza.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada. Anauliza, madirisha yote hayo wazi, na mbu je?

Swali la haki. Mimi natia nyavu madirishani, na kitandani chandarua juu yake. Ila wavu nao unakula upepo, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaweka wavu kwenye dirisha lile lile dogo, wanaona joto, wanaagiza kiyoyozi. Mwambie fundi wako mapema kwamba dirisha litakuwa na wavu, alipanue. Na wavu uwe kwenye fremu inayotoka, kila mwezi unaushusha unauosha, maana ukijaa vumbi na chumvi unakuwa ukuta.

Nani mwingine?