Jina la kampuni lisemeke kwenye simu

Asanteni, kaeni jamani, kaeni. Najua wengi mmeshanisikia nikiongelea hili, harusini nimelisema, msibani nimelisema, na leo nalirudia maana kila mwezi napigiwa simu na kijana ameshasajili kampuni, ameshachapisha fulana, ndio ananiuliza dada hili jina unalionaje. Sasa mimi nikuambie nini na fulana umeshavaa? Mambo ya kodi na akaunti mhasibu yupo, atakuja baada yangu, mimi ni jina tu.

Nilipoanza biashara ya usafi wa maofisi huku Uingereza nilitaka jina la kwetu, lenye maana, nikachukua neno mng'aro. Kazi yenyewe si kung'arisha? Companies House, ofisi ya serikali inayosajili makampuni huku, wakalipitisha, cheti kikaja kwenye imeili, nikaandikisha pembeni ya gari kwa herufi za kijani, nikapiga picha nikamtumia mama. Basi simu zikaanza. Mteja yuko kwenye kompyuta anataka kunilipa, ananiambia nitajie herufi. Namwambia M, N, G, halafu kile kialama cha juu, halafu A. Kimya. Ananiuliza baada ya M inakuja nini? Namwambia N. Anasema hapana, kati ya M na N. Hakuna kitu kati ya M na N mama! Yeye kwenye lugha yake haiwezekani, lazima kuna A nimeimeza, basi anaandika Mangaro, mwingine Nagaro, mmoja aliandika Mongaro mwaka mzima na nilimwacha.

Mkidhani ni mambo ya kuchekesha sikilizeni hapa. Benki za huku ukituma hela zinalinganisha jina uliloandika na jina la mwenye akaunti, yasipofanana linatokea onyo kwamba jina halilingani, kuwa makini, inaweza kuwa utapeli. Meneja wa ofisi moja, nimemsafishia wiki 4, vyoo, mazulia, mpaka friji lao, akaandika jina anavyolisikia, onyo likatoka, akasimamisha malipo akapeleka swali kwa wakubwa wake. Hela ikakaa wiki 3. Na mimi nina wasichana wawili wanasubiri mshahara Ijumaa, wana watoto, wana kodi ya nyumba. Nikakopa kwa shemeji. Usiku ule nilikaa jikoni na kalamu nikaliandika lile jina kwenye bahasha, nikalitazama kama mtu ambaye hajawahi kusikia Kiswahili, na kwa mara ya kwanza nikaona anachokiona. Na kwenye anwani ya tovuti ile ng' yenyewe haiingii, kile kialama hakiruhusiwi, kwa hiyo hata mswahili mwenzangu akiisoma pale analisoma vingine.

Naona kaka pale anatikisa kichwa, anasema huyu anatuambia tuache Kiswahili tujiite majina ya kizungu. Hapana! Sijasema hivyo na sitasema. Jenga mnaijua? Ule mchezo wa vipande vya mbao, unachomoa cha chini unaweka juu. Leslie Scott, mwanamke aliyezaliwa Tanganyika, ndiye aliyeuleta sokoni, kwenye maonyesho ya michezo ya watoto London mwaka 1983, akaupa jina la Kiswahili tupu, na makampuni makubwa yalipotaka jina libadilishwe alikataa. Leo mtoto wa Canada anasema jenga bila kujua ni neno letu. Kwa nini lilipita? Silabi mbili, kila herufi inasomeka ilivyoandikwa, hakuna mng', hakuna nd mwanzoni. Kiswahili kimejaa maneno hayo, tamu, safi, imara, pamoja, sasa wewe kwa nini uende kuchukua lile linalomkaba mteja koo?

Na mgeni akija kwetu ni hivyohivyo. Wajapani dubu wanamwita kuma, wazee mnisamehe, ni neno la kawaida kabisa kwao, lakini aje mtu alibandike kwenye duka Kariakoo tuone.

Muda, naonyeshwa muda. Haraka basi. Moja, kupitishwa na Companies House sio kumiliki jina. Wao wanaangalia kama kuna kampuni nyingine inaitwa hivyohivyo, na ukiongeza UK au .com mwishoni hujabadilisha kitu, na maneno kama Royal au Bank yanataka ruhusa. Alama ya biashara, yaani trademark, ile inayolinda jina lako, ni rejista nyingine kabisa, mnatafuta huko KABLA ya fulana. Burger King wenyewe walipokwenda Australia walikuta jina lina mwenyewe, mgahawa wa Adelaide, ndio maana tangu 1971 kule wanaitwa Hungry Jack's. Wakubwa wale! Na Hakuna Matata, Disney waliisajili Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, watu walipokasirika 2018 walidhani tumekatazwa kuongea, hapana, ni nguo, lakini wewe unayetaka kuuza tisheti Marekani inakuhusu.

Nililotaka mfanye ni hili. Mpigie simu mtu asiyejua Kiswahili, liseme jina mara moja tu, usirudie, mwambie aandike akutumie. Fanya kwa watu watano. Watatu wakikosea, rudi nyumbani katafute lingine, hata kama bibi yako ndiye aliyekupa.

Wewe dada mwenye kilemba cha njano, umesema unafungua duka la vitambaa. Jirani yako wa kushoto ni Mpolandi, eti? Haya, mwambie jina la duka lako, mara moja tu. Mpeni kalamu.