Kitonga Hupitwa Mara Mbili

(Mazungumzo kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini waishio Dar es Salaam, mwishoni mwa Novemba)

Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Haya, nimewasalimu wote, asinung'unike mtu.

Mwenyekiti ameniita kwa sababu moja tu: nimeendesha semi kati ya bandari ya Dar na Tunduma miaka 22 na meno yangu yote bado ninayo. Mimi si mtu wa darasani. Nikitaja kitu cha gereji usichokijua, nyoosha mkono.

Nani hapa anakwenda nyumbani Krismasi na gari lake? Naona mikono mingi. Nani ameshalipeleka kwa fundi, au atalipeleka wiki hii? Mikono bado mingi, hongereni. Sasa nani atalipeleka kwa fundi kule Mbeya, Njombe au Tukuyu kabla ya kurudi Januari?

Mmeona. Mzee mmoja tu, na huyo ni fundi mwenyewe. (Vicheko.)

Ndugu zangu, barabara hii tukienda tunapanda. Dar iko usawa wa bahari, Iringa mjini iko juu zaidi ya mita 1,500. Kupanda kunatesa injini, kushuka kunatesa breki. Sisi tunakagua breki Dar, tunakwenda nazo kupanda. Tukija kuzihitaji hasa, gari limeshatembea kilomita 800 na ushee, limezunguka kwa wakwe na kwa mashangazi kwenye matope ya Desemba, na kwenye buti kuna mchele wa Kyela, mikungu ya ndizi na gunia la viazi ambalo shemeji amekataa katakata lisiachwe. Hapo ndipo unakutana na Kitonga, ule mlima wa kona kali chini ya Iringa, safari hii ukitokea juu.

Nitarudi Kitonga. Kwanza tuzungumze saa.

Watu wakipanga safari huuliza, "Tutafika saa ngapi?" Dereva wa masafa haulizi hivyo. Anauliza, "Mikumi nitakuwa saa ngapi? Kitonga nitakuwa saa ngapi?" Ukishazijua hizo mbili, saa ya kuondoka inajipanga yenyewe. Mikumi usiipite giza. Barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50, na jioni na alfajiri ndipo wanyama hutembea. Nyati usiku humwoni, ni mweusi kama lami yenyewe. Swala mmoja akivuka usikanyage mafuta ukadhani yamekwisha, nyuma yake kuna ukoo mzima. Na ukimgonga utalipa faini, kila mnyama na bei yake. Nyani msiwatupie ndizi. Mmewazoesha barabara, halafu mnalalamika wamelala barabarani.

Kwa hiyo ukitoka Dar saa 10 alfajiri, jua linakukuta Chalinze, Mikumi unaipita saa 3 kumekucha, na Kitonga unaupanda mchana kweupe. Iringa unaingia saa 7 au 8. Hapo wengi mnakosea. Mnaona Mbeya ni kama kilomita 330 tu, mnasema tujikaze. Kujikaza huko kunakufikisha Makambako umechoka, pengine na mvua, na giza linakukuta njiani kati ya malori. Lala Iringa. Kama Iringa unaona ni mapema, lala Mafinga, kuna baridi nzuri ya kulalia. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, kwa hiyo msidhani usiku barabara ni yenu peke yenu.

Lakini saa 10 alfajiri ina masharti. Nimeona familia zinafunga mizigo hadi saa 7 usiku, baba analala kwa muda wa saa mbili tu, kisha anashika usukani. Huyo hata Morogoro sijui kama atafika macho. Ukiwa spidi 80 unakwenda mita 22 kila sekunde. Usingizi wa sekunde tatu tu ni mita 66 gari linajiendesha. Fungeni mizigo siku moja kabla, dereva alale saa 2 usiku, na mambo ya viatu vya watoto viko wapi asiulizwe yeye. Akisinzia njiani, kufungua dirisha na kupiga muziki havisaidii kitu. Aingie kituo cha mafuta, anywe kahawa, alale dakika 20 hapohapo. Kahawa huchelewa kidogo kufanya kazi, akiamka itakuwa imeshafika.

Sasa Kitonga, kwa kupanda. Utakuta malori yameongozana, yanakwenda mwendo wa mtu mwenye goti bovu. Utachoka nayo. Lori la mbele litakuwashia indiketa ya kushoto, maana yake pita. Ya kulia, usipite. Ni lugha yetu ya barabarani na ni ya wema, ila mimi niliyewasha nimekaa juu na ninaona kwa macho yangu, sioni kwa macho yako, na gari lako sijui lina nguvu kiasi gani. Kwenye kona usiovateki kwa indiketa ya mtu. Zima kiyoyozi, tazama mshale wa joto. Mshale ukianza kupanda sana, washa hita mpaka mwisho, itachota joto la injini. Mtatoka jasho, ndiyo, lakini mtafika juu. Likichemsha kabisa, simama pembeni uliache lipoe. Mfuniko wa rejeta usiuguse na maji baridi usimwage juu ya injini.

Na kwa kushuka. Nikiwa bado utingo, dereva wangu alinifundisha sheria ambayo sijaona inayoizidi: mteremko unaushuka kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Siku moja mimi, kijana, nimeshaachiwa usukani, nikajiona. Nikaanza kuushuka kwa gia kubwa, mguu kwenye breki. Kona ya tatu nikasikia harufu, kama mtu anachoma kiatu cha mpira. Ya nne nikakanyaga, pedali ikashuka laini, gari halishiki. Tulisalimika kwa sababu mzee aliruka kunishikia gia na mbele yetu hapakuwa na mtu. Hakunigomba. Alinyamaza hadi Ruaha Mbuyuni. Ule ukimya ninausikia hadi leo.

Kilichotokea ni hiki. Breki husimamisha gari kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Ukizikanyaga mfululizo joto halipati pa kwenda. Pedi zinapoteza mshiko, na oili ya breki kama ni kuukuu imeshanyonya unyevu, inachemka, inatoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Kwa hiyo oili ya breki hubadilishwa, haiongezwi tu. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, si katikati. Wenye otomatiki, hiyo L na 2 haikuwekwa kwa urembo. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, kanyaga tena.

Mama pale anauliza kuhusu kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Mama, hakuokoi. Magari haya ya sasa, ukishuka kwenye gia bila kukanyaga mafuta, injini hukata mafuta yenyewe. Ukiweka gia huru inabidi iyanywe ili isizimike. Umepoteza mafuta na umepoteza breki ya injini, yote kwa mkono mmoja.

Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nunueni. Viko chini ya Kitonga, kwa hiyo mkirudi mnanunua baada ya kushuka. Mungu amepanga vizuri. (Vicheko.)

Mengine haraka. Pembetatu mbili na mtungi wa zimamoto viwe vinafikika, visiwe chini ya viazi. Mkikuta matawi ya miti yamelazwa barabarani, mbele kuna gari limekufa, punguzeni mapema. Mtoto asipakatwe mbele. Ukijaza buti, taa zako zinatazama mbinguni na kumpofusha unayepishana naye, zishushe. Namba ya polisi ni 112.

La mwisho ni tairi, na hili sitalieleza nikiwa nimekaa. Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, na kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva, cha gari tupu na cha gari lililojaa. Ubavuni mwa tairi kuna kiduara chenye tarakimu nne. Ikiwa 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya 2016. Linaweza kuwa na kashata, yale meno ya kushika barabara, nzuri kabisa, limelala dukani au kwenye gari la Japani miaka yote hiyo, mpira umekauka, na likapasuka Mikese kwenye joto la mchana. Na la spea pia lina tarehe, ndilo huwa la kale kuliko yote.

Magari yapo hapo nje. Washeni tochi za simu, tutoke tukasome. Tunaanza na la mwenyekiti.